Usilipie hataza ya kanuni za mchezo, sajili jina kwanza

Wewe uliyeuliza namna ya kulinda mchezo wako wa ubaoni wa wavuvi kabla ya kuupeleka kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nyamhongolo, ukasema kuna mshauri anayetaka umlipe: usimpe huyo mshauri wako hata senti moja ya hiyo anayoiita hataza ya kanuni (hataza ni hati ya kisheria inayolinda uvumbuzi). Maneno hayo hayo niliuziwa na mtu wa hapa hapa Mwanza, akala fedha niliyoitenga kwa ajili ya toleo la kwanza, ilhali Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 haizihesabu kanuni za kucheza michezo kuwa uvumbuzi. Mtu anayejiita mshauri alipaswa kulijua hilo kabla ya kunyoosha mkono kupokea fedha.

Ada yake inauma, lakini kilichonimaliza ni kule kusubiri cheti kisichokuwepo huku jina la mchezo likiwa halijasajiliwa. Boksi lenye jina lile lile likaanza kuuzwa karibu na kivuko cha Kamanga. Nililinunua, nikalifungua: karabai ya wavuvi wa dagaa iliyokuwa katikati ya ubao wangu ilikuwa imechorwa upya na mkono mwingine, na kanuni zimeandikwa kwa maneno mengine, lakini uchezaji ni ule ule, hatua kwa hatua. Hakimiliki, ambayo hupatikana pale tu kazi inapoundwa, hulinda maandishi na michoro. Hailindi wazo wala namna ya kucheza, kwa hiyo aliyebadilisha picha na maneno alikuwa amekwishaponyoka. Kwa jina ningemkamata kwa urahisi, lakini jina lenyewe lilikuwa halina ulinzi wa usajili.

Kwa hiyo nenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, tafuta kwanza kama jina hilo limekwisha kuchukuliwa, kisha uliombee usajili wa alama ya biashara katika daraja la 28, ambalo ndilo la michezo na vifaa vya kuchezea. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, na baada ya hapo huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Unahusu Tanzania Bara peke yake; ukitaka kuuza Zanzibar, huko husajiliwa kivyake. Mchoraji naye akusainie karatasi ya kukuhamishia haki za michoro kabla hujammalizia malipo, na ubao wako usitoke ndani mpaka maombi ya jina yawe yamepokelewa.