Maswali na Majibu: Kilomita 20 za Baiskeli, Kati ya Maji na Mbio

Kocha, nimejiandikisha triathloni fupi ya mashambani: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Baiskeli yangu ni ya kawaida, ina matairi mapana yenye meno. Nitachekwa?

Wakicheka, watacheka mwanzoni tu. Barabara za mashambani zina mashimo, kokoto na matope yanayodondoshwa na matrekta, na hapo tairi pana linajitetea lenyewe. Ila meno yanakula nguvu kwenye lami. Ukiweza, weka matairi yasiyo na meno, na usiyajaze upepo hadi yawe magumu kama jiwe, maana yatarukaruka. Wakaguzi hawaulizi bei. Wanataka breki zote mbili zishike, kofia isiwe na ufa, na ncha za usukani ziwe na vizibo, kwa sababu bomba tupu linaweza kumtoboa mtu akianguka.

Nikitoka majini moyo unanidunda hadi masikioni. Niwafukuzie waliotangulia au nipoe kwanza?

Poa. Ulikuwa umelala kifudifudi unavuta maji kwa mikono, sasa umesimama ghafla na damu inatakiwa miguuni. Dakika 5 za kwanza nyonga kwa gia nyepesi, kunywa mafunda mawili matatu, pumzi ikitulia ndipo uongeze. Kama huwezi kutamka sentensi fupi bila kukatika pumzi, umezidisha, na deni hilo utalilipa kwenye mbio.

Lakini kabla ya kunyonga, kofia. Kamba ya kidevuni ifungwe kabla hujaigusa baiskeli, na isifunguliwe hadi umeirudisha baiskeli kwenye chuma cha kuiegeshea. Mimi niliwahi kusimamishwa na mwamuzi nikiwa nimeshika usukani huku kamba inaning'inia. Maji yalikuwa ya baridi, vidole vimekufa ganzi, na kile kibano kidogo kikawa kinanikwepa kama samaki. Siku hizi nafanya mazoezi ya kukifunga nimefumba macho, mikono imelowa. Nyumbani wameshazoea.

Kupanda mlima naweza. Kuteremka ndiko kunanitisha, hasa kwenye kona zenye changarawe.

Woga wako una akili, usiufukuze wote. Punguza mwendo kabla ya kona, gurudumu likiwa bado limenyooka. Ukikamata breki kwa nguvu katikati ya kona yenye kokoto, tairi la mbele litakuponyoka na hutapata muda wa kujuta. Angalia barabara vizuri: magari yanasukuma kokoto pembeni na katikati, yanaacha mapito mawili safi. Pita hapo, ila ubaki upande wako. Pedali ya upande wa nje wa kona iwe chini, uikanyage kwa uzito wako, na macho yatazame unakotokea. Ukilikodolea macho shimo, utaingia shimoni.

Kona usiyoona mwisho wake, chukulia kuna trekta nyuma yake. Mashindano mengi ya mashambani hayafungi barabara, na ng'ombe hawasomi ratiba.

Kwenye kupanda nina neno moja: badilisha gia kabla mlima haujakukaba. Mnyororo uliobanwa hukwaruza, na mara nyingine huchomoka.

Rafiki yangu anasema kukaa nyuma ya mwenzako ili akukinge upepo ni kosa. Mbona kwenye televisheni wanakwenda kundi zima?

Wote wawili mko sawa. Kwenye Olimpiki, tangu triathloni ilipoingia Sydney mwaka 2000, kundi linaruhusiwa. Mashindano mengi ya watu wa kawaida yanakataza. Umbali unaotakiwa kumwachia aliye mbele, mita 10 au 12 kutegemea kanuni za siku hiyo, hupimwa kutoka gurudumu la mbele la mwenzako hadi gurudumu lako la mbele. Kwa mita 10, hiyo ni nafasi ya baiskeli karibu 5 kati yenu. Ukiingia ndani ya umbali huo, uwe unapita, na upite ndani ya sekunde chache zilizowekwa. Wengi wanasahau kwamba ukishapitwa, wewe ndiye unayerudi nyuma, hata kama unaamini una mbio kuliko yeye.

Nikipata pancha?

Beba tyubu, vijiti vya kutolea tairi na pampu ndogo. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi utafute mwiba. Usipoutoa, utatoboa ya pili palepale.

Nikishuka kwenye baiskeli miguu inakuwa magogo. Kuna dawa?

Kilomita ya mwisho rudi gia nyepesi, zungusha miguu haraka bila kukandamiza. Mara moja kwa wiki, ukimaliza mazoezi ya baiskeli, weka baiskeli chini ukimbie dakika 10 hapohapo. Na siku yenyewe shuka kabla ya mstari wa kushukia uliochorwa chini. Wengi huukumbuka gurudumu likiwa limeshauvuka.