Kumdhamini shemeji mkopo wa SACCOS: Mithali 11:15 inakataza?

Mleta mada, umeuliza kama Mithali 11:15, inayosema anayemdhamini mgeni ataumia, inakuzuia kusaini fomu ya udhamini ya shemeji yako, na ukoo unakubana kwa Wagalatia 6:2, "mchukuliane mizigo". Huo wa Wagalatia uweke kando kwanza. Soma kuanzia mstari wa 1: anayezungumziwa ni mtu aliyeanguka katika kosa, arejezwe kwa upole. Mstari wa 5 unaongeza kwamba kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Mkopo haumo.

Mithali 11:15 nayo usiisome peke yake, ni fupi mno kuamulia jambo zito. Isome na 6:1-5, 17:18 na 22:26-27. Zote zinamwonya anayeahidi kulipa deni la mwingine, na 22:27 inataja hadi kitakachobebwa ukishindwa: kitanda unacholalia. Lakini hii ni hekima ya maisha, si amri kama zile za Kutoka 20. Kusaini si dhambi. Yuda alijitoa kuwa mdhamini wa Benyamini (Mwanzo 43:9), na mambo yalipoharibika Misri akaomba abaki yeye mtumwa badala ya mdogo wake (44:33). Paulo alimwandikia Filemoni kwa mkono wake kwamba deni la Onesimo atalilipa yeye (Filemoni 18-19). Wote wawili walikuwa tayari kulipa. Sisi wengi tunasaini kwa imani kwamba hatutalipa, na hapo ndipo familia zinapovunjika.

Kwa hiyo fanya hesabu kabla ya kushika kalamu. Tuseme mkopo ni milioni 3 na wadhamini mko watatu. Fungu lako ni milioni 1, ongeza riba. Unaweza kuitoa bila kugusa ada na kodi ya nyumba? Kama huwezi, Mithali 22:27 imeshakujibu. Kama unaweza, omba kanuni za mikopo za SACCOS yenu uzisome mwenyewe: mdhamini anabanwa kwa fungu lake au kwa deni zima? Akiba yako inazuiwa hadi lini? Ikizuiwa, huenda na wewe ukakwama siku unayotaka kukopa. Mwombe shemeji akuonyeshe hati ya mshahara, madeni mengine aliyonayo na rejesho la kila mwezi. Akikasirika kwa kuulizwa, usisaini. Na mwenzi wako ajue kabla, maana hicho kitanda ni chenu wote.

Kama umeshasaini, fuata Mithali 6:3-5 bila kuchelewa: nenda, jinyenyekeze, usilale kwanza. Mkopo ukiwa haujatolewa, andika barua leo kuomba jina lako liondolewe. Pesa ikishatoka ni vigumu zaidi. Kwa kawaida lazima apatikane mdhamini mwingine anayekubalika, na atapatikana kwa urahisi marejesho yakiwa bado yanakwenda vizuri kuliko yakishakwama.

Kukataa fomu hakukuondolei wajibu kwa ndugu mwenye shida. Kumbukumbu la Torati 15:7-8 inataka umfumbulie mkono. Kama shida yake ni ada au matibabu, tafuta kiasi ambacho hata kisiporudi hutamdai kwa uchungu, iwe 100,000 au 200,000, umpe siku hiyohiyo unapomwambia kuwa hutasaini.