Nondo zilizochomoza juu ya slabu hazithibitishi kitu

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Goba, Dar es Salaam. Mwaka 2016 nilijenga nyumba ya ghorofa moja. Juu, fundi alinishauri nimwage slabu badala ya kuezeka, akaacha nondo za nguzo zimechomoza ili nikipata pesa nipandishe. Sasa jirani zangu wanajenga nyumba za kupangisha na mimi nataka nifike ghorofa nne. Fundi yuleyule anasema msingi ulishaandaliwa, na kwa usalama zaidi nguzo za juu ataziwekea nondo za milimita 16 badala ya 12. Nyumba haina hata ufa mmoja. Nianze?

Jibu: Hapana, Mwalimu, usianze. Na huyo fundi mwambie asiziguse hizo nondo mpaka umalize kusoma hapa.

Kutoka Goba hadi Madale, Mbezi mpaka Kibamba, sipiti mtaa nisione nondo zimesimama juu ya slabu kama miba. Kila mwenye nyumba ninayemuuliza hunijibu kama fundi wako: “Msingi uliandaliwa.” Nikiuliza nani aliuandaa, kwa hesabu gani, na mchoro uko wapi, hapo mazungumzo yanakatika. Nondo kuchomoza juu kunaonyesha kwamba mtu alikuwa na mpango wa kuendelea. Upana wa besi, yaani kitako cha zege chini ya nguzo, kina chake na aina ya udongo uliopo hapo huwezi kuvisoma kwenye nondo. Imani hii imeniletea kazi nyingi za kusikitisha kuliko saruji mbovu na mchanga wa chumvi vikiwekwa pamoja.

Tufanye hesabu, maana fundi wako hakuifanya. Chukua nguzo ya katikati ya nyumba, yenye nguzo nyingine mita 4 kila upande. Nguzo hiyo inabeba eneo la mita za mraba 16. Slabu ya unene wa sentimita 15 juu ya eneo hilo ina uzito wa tani 6 peke yake. Ukuta wa tofali za inchi 6 uliopigwa plasta pande zote una uzito wa karibu tani moja kwa kila mita ya urefu, na nguzo hiyo inaweza kubebeshwa mita 8 za ukuta. Weka vigae, matangi, makabati na watu. Hatukosi tani 15 kwa kila ghorofa. Unataka kuongeza ghorofa tatu, yaani tani 45 juu ya nguzo ambayo leo inabeba labda 22, slabu ya juu ikiwemo.

Sasa shuka chini. Tuseme udongo wako ulipimwa ukaonekana unaweza kubeba tani 10 kwa kila mita ya mraba. Kwa mzigo wa leo, besi ya mita moja na nusu kila upande inatosha. Kwa mzigo unaoutaka, yaani jumla ya tani 67, besi hiyohiyo ingepaswa kuwa na zaidi ya mita mbili na nusu kila upande, na unene wake uongezeke ili nguzo isiitoboe. Je, mwaka 2016 ulichimba mashimo ya upana huo? Mtu aliyechimba anakumbuka, kwa sababu mashimo hayo yanakaribia kugusana na gharama yake haisahauliki.

Hapo utaona kwa nini nondo za milimita 16 ghorofani hazikusaidii. Mzigo unateremka. Nguzo ya juu kabisa ndiyo yenye kazi ndogo kuliko zote, na ya chini kabisa ndiyo inayobeba wote. Fundi anataka kuimarisha mahali pasipo na shida na kupaacha pale penye shida. Nguzo zako za chini zina upana gani? Nauliza kwa sababu mafundi wengi huzibana ziwe sawa na unene wa tofali, wateja wakitaka zisionekane ndani ya sebule. Nguzo ya sentimita 15 kwa 23 imefichwa vizuri ukutani, lakini haifai kubebeshwa ghorofa nne.

Kuhusu ufa: nyumba yako haina ufa kwa sababu haijabebeshwa. Ni kama kumsifu punda kwa mzigo ambao bado haujawekwa mgongoni. Nguzo ya zege iliyozidiwa, tena yenye ringi chache (vyuma vyembamba vinavyozungushwa kufunga nondo), haina desturi ya kutoa taarifa kwa miezi. Boriti hupinda ukaona, nguzo hupondeka ghafla.

Nondo zenyewe zimekaa juani na mvuani tangu 2016, katika hewa ya jiji lililo kando ya bahari. Kutu ikifika hatua ya kubanduka magamba, nondo imepungua unene, na maji yameshafuata njia yake kuingia ndani ya zege. Mara nyingi pia zimekunjwa ili watoto wasijichome, kisha zinanyooshwa kwa bomba. Nondo ya namna hiyo imeumia pale pale inapotokea kwenye zege. Halafu kuna urefu. Nondo ya milimita 12 inapaswa kupishana na nondo mpya inayoungwa nayo kwa takribani mara 40 ya unene wake, sawa na sentimita 48. Nyingi ninazopima zimeachwa futi moja.

Jambo la zege nalipitia haraka. Kama siku ya kumwaga hakuna aliyejaza michemraba ya sentimita 15 ikaenda maabara kupondwa siku ya 7 na ya 28, basi hakuna anayejua nguvu ya zege lako. Mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa zege la nguzo hautakiwi kuzidi lita 25 hivi za maji, na mimi nimeona vibarua wakiongeza ndoo baada ya ndoo ili koleo liwe jepesi.

Kinachonikera zaidi ya mafundi ni wenzangu wanaouza mhuri. Mteja anachukua ramani iliyosambaa kwenye simu, anampelekea mhandisi ambaye hajawahi kukanyaga kiwanja, anagongewa mhuri, na kibali kinaombwa kwa karatasi hiyo. Goba ina vilima. Kiwanja kilichosawazishwa kwa kukata upande mmoja na kujaza kifusi upande wa pili kina besi zinazokaa juu ya ardhi mbili tofauti. Karatasi haikuonyeshi hilo. Wala haikuonyeshi shimo la maji taka lililochimbwa kwa familia moja, ambalo sasa litapokea familia nane na kulowesha udongo mita mbili kutoka kwenye nguzo.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, hapa Dar es Salaam, lilianguka na kuua zaidi ya watu 30. Tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha Nairobi, jengo la ghorofa sita la kupangisha liliporomoka mtaa wa Huruma na kuua watu wapatao 50. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa Kariakoo, zaidi ya watu 20, na ndugu waliwasikia waliofukiwa wakiita kutoka chini ya kifusi. Kila jengo lilikuwa na sababu zake na sitaki kuyachanganya. Ninachokuomba ukumbuke ni kwamba wapangaji na wateja wa maduka hawakuwa na namna ya kujua. Wa kujua ulikuwa ni upande wa wajenzi.

Kwako, fanya hivi. Tafuta mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na sharti lako la kwanza liwe kwamba afike kiwanjani. Mchimbie pembeni mwa besi mbili, moja upande wa juu wa mteremko na nyingine upande wa chini, aone upana, kina na udongo. Apime zege la nguzo za chini, atafute nondo zilizomo, ndipo apige hesabu. Jibu linaweza kuwa ghorofa moja zaidi, au chumba chepesi cha mabati juu, au usiongeze kitu na ujenge jengo dogo jipya uani lenye msingi wake. Nimeona wastaafu wakipata kodi nzuri kwa njia hiyo ya mwisho.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, pima mwenyewe upana wa nguzo moja ya chini na urefu wa nondo moja ya juu kutoka usawa wa slabu, kisha uniandikie namba hizo mbili.