Maswali ya Lugha: Mkazo katika Maneno Marefu ya Kiholanzi

SWALI: Mhariri, naongoza watalii katika magofu ya Kaole hapa Bagamoyo, na ninajifunza Kiholanzi kwa ajili ya wageni wangu. Yananishinda maneno marefu yaliyounganishwa bila nafasi, kwani sijui silabi zikatwe wapi wala mkazo uwekwe wapi. Je, ipo kanuni?

JIBU: Kanuni ipo, lakini kabla ya kuhesabu silabi tafuta mshono, yaani mahali neno moja linapokoma na jingine linapoanza. Katika neno la kawaida, konsonanti moja iliyo kati ya vokali mbili huenda na silabi inayofuata, kama wa-ter, «maji»; katika neno ambatani, mshono ndio wenye amri. Kwa hiyo valkuil likikatwa val-kuil ni shimo la mtego, ilhali likikatwa valk-uil linasomeka kama jina la ndege, kwa kuwa valk ni kozi na uil ni bundi.

Mkazo mkuu kwa kawaida hukaa katika sehemu ya kwanza, juu ya silabi ileile ambayo ingeubeba sehemu hiyo ikisimama peke yake. Hapa ndipo sisi tunapojikwaa, maana Kiswahili huupeleka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho hata neno liwe limeunganishwa, kama mwanaJEshi, nasi tukikutana na hospitali ya Waholanzi tunatamka zieKENhuis badala ya ZIEkenhuis, na mnara wa taa tunauita vuurTOren badala ya VUURtoren.

Neno ninalolipenda zaidi ni massagebed. Silabi zake ni mas-sa-ge-bed kwa vyovyote vile, ila masSAgebed, yenye mshono massage-bed, ni kitanda cha kukandia mwili na MASsagebed, yenye mshono massa-gebed, ni sala ya umati; mgeni aliyechoka kwa safari hatafurahi ukimchanganyia.

Yapo yanayoasi, mfano stadHUIS, jumba la utawala wa mji, na boerenKOOL, aina ya sukuma wiki. Hayo hukaririwa tu.

Sikiliza pia konsonanti. Goudader, mshipa wa dhahabu ardhini, huandikwa kwa d mbili, lakini ya kwanza hutamkwa t ingawa inafuatwa na vokali, kwa sababu inafunga goud. Ya pili, iliyo ndani ya ader, hubaki d.