Mbacha na mswala: kwa nini mkono hung'ang'ania gitaa kuukuu

Mwenzetu ameuliza hivi: kanunua gitaa la umeme la bei, freti (vile vyuma vinavyokatiza ubao wa shingo) safi, pikapu (sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) za maana, na bado kila siku ya kazi hotelini huko Nyali, Mombasa, mkono unachukua lile kuukuu lililobanduka rangi. Anataka kujua kama ni mazoea tu yatakayopita, au jipya lina kasoro aliuze mapema.

Usiache mbachao kwa mswala upitao, walisema wazee. Sawa, lakini methali haikuambii mbacha wako umekushika wapi. Kwa gitaa panajulikana, na sehemu kubwa inapimika kwa milimita. Duka huita gitaa bora kwa sababu ya mbao, vyuma na unadhifu wa kazi. Mkono haujui hayo. Mkono unajua umbali: freti hadi freti, uzi hadi ubao, kidole kidogo hadi volyumu. Ukipiga gitaa moja miaka kumi umekariri umbali huo bila kujua, na jipya likikosea kwa nusu milimita mkono unakataa kabla sikio halijasema lolote.

Kwa hiyo usianze kulifungua-fungua jipya. Anza na kuukuu: lipime, andika. Utahitaji rula ya chuma yenye nusu milimita, alen kii, multimita, na fila geji (vipande vyembamba vya kupimia upenyo) ileile wanayotumia mafundi wa magari. Ukikosa fila geji, kipande cha uzi wa kwanza wa seti ya 10 (yaani unaoanza na inchi 0.010) kina unene wa milimita 0.25, na hicho ndicho kipimo utakachokihitaji zaidi.

Urefu wa uzi kwanza. Pima kutoka nati (kile kipande cha mfupa au plastiki karibu na kichwa) hadi freti ya 12, zidisha mara mbili. Magitaa ya jadi ya kampuni ya Fender ni milimita 648, ya Gibson ni takriban 628. Sentimita mbili zaonekana si kitu, lakini kwa uzi uleule na sauti ileile mkazo unapanda kwa asilimia 6 hivi. Seti ya 10–46 kwenye 648 huvuta shingo kwa jumla ya kilo 47 hivi, ya 9–42 kilo 38 na ushei. Aliyezoea 10 kwenye gitaa la 628 akishika la 648 lenye 10, anavuta uzi kwa nguvu zake za kila siku na noti haifiki, inabaki chini kidogo, anajiona amesahau kupiga. Dawa ni seti ya 9.5–44, inakaribia kusawazisha. Nafasi baina ya freti, hata hivyo, haitibiki kwa nyuzi. Kama vidole vyako vimezoea kutanuka kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za karibu na kichwa, hilo litabaki.

Freti ndipo wengi wanapodanganyika. Freti mpya za aina kubwa husimama karibu milimita 1.4 juu ya ubao. Za gitaa lililopigwa miaka mingi huenda zimebaki nusu ya hapo, na mkono wa mwenyewe umezoea kugandamiza uzi mpaka kidole kiguse mbao. Mkono huohuo kwenye freti zilizosimama juu unausukuma uzi chini kupita freti, mkazo unaongezeka, noti inapanda. Mpigaji anasema gitaa halishiki tyuni, anakwenda kubadilisha vigingi vya kukazia nyuzi, na kosa liko kwenye kidole. Jaribio lake ni la dakika moja: unganisha tyuna, bonyeza uzi wa tatu kwenye freti ya 3 kwa wepesi kabisa, soma. Sasa bonyeza kama unavyobonyeza ukiwa kazini. Ikiruka senti 10 au zaidi (100 ni nusu toni), usimlaumu fundi wala kiwanda. Wala usikubali freti mpya zisagwe ili zifanane na zilizochakaa. Shika kwa wepesi wiki tatu nne, mkono utajifunza.

Lakini hakikisha kwanza nati haikuachwa juu, maana dalili zafanana. Bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, uangalie upenyo juu ya freti ya 1. Ubaki mwembamba kama unywele. Ukipitisha karatasi ya daftari bila kugusa, mifereji haijachimbwa vya kutosha na kodi zote za mwanzo zitapanda. Na ukisikia "ting" unapokaza uzi, mfereji unaubana. Sugua risasi ya penseli humo.

Baada ya hapo kimo cha nyuzi (umbali wake juu ya freti), na mpangilio una utaratibu wake ambao ukiuvuruga unarudia kazi: nyuzi mpya za unene utakaotumia, kisha mnyooko wa shingo, kisha kimo, kisha urefu wa kila uzi kwenye briji (pale nyuzi zinapoegemea kwenye kiwiliwili), mwisho pikapu. Mnyooko: bana freti ya 1 kwa kapo (kibano cha nyuzi), bonyeza freti ya mwisho, pima upenyo kwenye freti ya 7 au ya 8. Milimita 0.25 ni pa kuanzia. Fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo huzungushwa robo mzunguko kwa mara moja, basi; ikigoma usiilazimishe. Kimo pima kwenye freti ya 17: milimita 1.6 kwa ubao ulionyooka kiasi. Ubao wenye mgongo wa duara kali, yaani nusu kipenyo cha milimita 184 kama Fender za zamani, ukishusha nyuzi chini sana, noti ya juu ukiivuta inakatika ghafla, kwa sababu uzi unapanda kilima na kugota freti za mbele. Hizo ziache kwenye 2 upande wa nyuzi nene. Gibson, kwa 305, huvumilia zaidi.

Hapa usinakili vipimo vya kiwanda kwa upofu. Anayesindikiza chakacha kwa pleki ngumu (kile kipande cha kupigia nyuzi), nyuzi zikiwa chini, atapata kelele za freti usiku kucha. Mpiga solo wa sebene anayeishi kati ya freti ya 12 na ya 17 anazitaka chini na sawasawa huko juu. Kama kuukuu lako lina 1.9, lipe jipya 1.9 hata kama muuzaji aliringia 1.3.

Mkono wa kulia nao una kumbukumbu zake, na hapo naona watu hawaangalii kabisa. Kwenye Stratocaster ya Fender volyumu iko karibu na nyuzi, kidole kidogo kinaifikia bila kuacha kupiga. Kwenye Les Paul ya Gibson iko mbali zaidi, na ziko mbili. Mpigaji anayeweka 7 kwa kusindikiza na 10 kwa solo anaishi kwenye hizo namba mbili. Lakini 7 ya gitaa moja si 7 ya jingine. Fungua kifuniko, tazama poti (kile kifaa kilicho chini ya kizungusho cha volyumu): kwa poti nyingi za kisasa, A ni ile inayopanda polepole mwanzoni, B hupanda sawasawa. Kama haikuandikwa, toa nyaya zake, weka kizungusho nusu na upime kwa multimita: B itasoma karibu nusu ya jumla, A sehemu ndogo tu upande mmoja. Pima na jumla yenyewe. Poti ya kilo-omu 500 inaruhusiwa kupotoka asilimia 20, kwa hiyo mbili za modeli moja zaweza kuwa 410 na 590, na hiyo ya 410 itatoa sauti nzito zaidi. Ndiyo maana "lile gitaa moja" la modeli ileile husikika tofauti, na watu husingizia mbao. Pikapu za koili moja kwa kawaida hupewa 250, za koili mbili 500. Kununua poti mbili na kuzilehemu ni kazi ya nusu saa.

Kuna na kushusha volyumu kukazima sauti kali. Hutokea zaidi na waya mrefu: waya wa gitaa huwa na kama pikofaradi 100 kwa kila mita, na wa mita 6 hula wembe wa sauti hasa ukiwa kwenye 7. Kama kuukuu lako lina kapasita ndogo iliyolehemiwa kati ya miguu miwili ya poti ya volyumu, fundi wa kwanza alikuwa anajua alichofanya. Iga hiyo.

Pikapu: bonyeza freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya sumaku. Za koili moja, milimita 2 upande mnene na 1.6 mwembamba. Zikikaribia zaidi, sumaku inavuta uzi mnene, mlio unayumba kama tyuni mbili kwa pamoja, na unakufa mapema. Ukifikiri gitaa "halina roho", teremsha pikapu kwanza.

Karibu kila gitaa lenye shingo ya kufungwa kwa skrubu lina mahali mlio unapokufa haraka, mara nyingi uzi wa tatu, freti ya 5 hadi ya 7. Shingo yenyewe hutikisika kwa masafa hayo na kula nguvu za uzi. Kwenye kuukuu umeshajifunza kupazunguka bila kujua. Kwenye jipya pako kwingine, unapaangukia katikati ya solo. Bana kitu kizito kidogo kichwani, pale mahali patahama. Si kupona, ni kuhama.

Sasa hewa yetu. Gitaa lililotoka duka lenye kiyoyozi likaja kukaa Kizingo au Likoni litafyonza unyevu wiki kadhaa, na shingo itacheza. Kuukuu lilishamaliza hayo miaka iliyopita, ndiyo maana ni tulivu. Basi usihukumu jipya mwezi wa kwanza, wala usizungushe fimbo ya shingo kila asubuhi. Pima kila Jumamosi, rekebisha likitulia. Rudia kupima masika yanapoingia na kaskazi inapoanza. Chumvi ya bahari hula zile skrubu ndogo za briji mpaka alen kii inazunguka ndani bila kushika; tone la mafuta ya cherehani mapema linaokoa kazi. Poti zikikwaruza tumia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, usitie mafuta ya kawaida.

Jasho ni jambo jingine. Shingo iliyopakwa vanishi nene inayong'aa hunata kwa joto letu, wakati ya kuukuu imeshalika na kiganja kinateleza. Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland, na ile Stratocaster yake ya 1961, alitoka jasho mpaka rangi karibu yote ikabanduka. Wewe huna haja ya kungoja: funika pikapu kwa utepe wa karatasi, sugua mgongo wa shingo kwa sufi ya chuma namba 0000 kufuata urefu wake, basi. Usipofunika, vumbi la chuma litanasa kwenye sumaku na halitoki kirahisi.

Na usidhani wakubwa walikuwa wakichagua kilicho bora dukani. "Blackie", gitaa la Mwingereza Eric Clapton, ilikusanywa kutoka Stratocaster tatu alizonunua Nashville mwaka 1970, shingo huku, kiwiliwili kule. Brian May wa bendi ya Queen alianza kutengeneza lake na babake mwaka 1963, na shingo yake ni mbao ya fremu ya meko. Walishika kilichoitika mkononi.

Ukishahamisha vipimo vyote, linganisha kwa haki. Nyuzi za aina moja na umri mmoja, ampu moja, na muhimu kuliko yote sauti sawa: linalosikika kwa nguvu zaidi hushinda hata kama ni baya. Piga umefumba macho, mtu akupokeze. Likibaki tatizo ni urefu wa uzi au unene wa shingo, uza jipya bila majuto, hayo fundi hayabadilishi kirahisi. Lakini kama kuukuu limeshinda na freti zake zimekwisha, lipeleke likavishwe mpya, na umwambie fundi kimo unachotaka kwa milimita. Ukimwambia "kama zilivyokuwa" hatajua ni zilivyokuwa lini.