Re: Commodore 64 (kompyuta ya zamani ya nyumbani), vitufe vya 1, 2, Q na spesi vimekufa

Habari mkuu. Umesema vitufe hivyo vinne havijibu hata baada ya kusafisha, vingine vinafanya kazi. Ungekuwa uchafu, ungeua kimoja huku, kingine kule. Hivyo vyako vyote viko kwenye laini moja, yaani waya mmoja unaovisoma kwa pamoja, sawa na CTRL na RUN/STOP. Jaribu hivyo viwili. Navyo vikiwa kimya, tatizo ni laini hiyo, acha kusugua.

Zima, chomoa umeme, kisha angalia plagi ya kibodi inapoingia kwenye bodi. Nikipata dalili hii huanza hapo: pini zina kutu, au waya umekatika shingoni ukiwa bado ndani ya ganda lake, macho hayauoni. Pima kwa multimita huku ukiutikisa taratibu.

Waya ukiwa mzima, mshuku chipu 6526 inayosoma kibodi, pale bodi ilipoandikwa U1. Pacha wake yuko U2, huhudumia diski draivu. Kama zimekaa kwenye soketi, badilishana U1 na U2, zinafanana. Vitufe vikifufuka na diski draivu ikagoma, umempata mwizi.

Ukilazimika kufungua kibodi yenyewe, tafadhali yeyusha kwanza lehemu uzitoe zile nyaya mbili zilizolehemiwa kwenye SHIFT LOCK. Ukivuta kwa nguvu utazing'oa.