Barua kwa mwanangu: fangasi kwenye pafu la mjomba wako

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza mawili: mjomba wako, aliyemaliza dawa za kifua kikuu mwaka jana na sasa anakohoa tena na kutema damu, apelekwe kwa nani, na hiyo fangasi waliyoiona kwenye picha ya kifua, itibiwe kwa vidonge au kwa kisu. Nitaanza na usiloniuliza: je, imethibitishwa kuwa ni fangasi?

Kifua kikuu hata kikipona huweza kuacha tundu kwenye pafu. Mbegu za fangasi aitwaye Aspergillus zimo katika hewa tunayovuta kila siku. Pafu zima huzitoa, lakini kwenye tundu hukaa, zikaota, na mara nyingine zikafanya donge. Kikohozi, kukonda, uchovu, damu: dalili ni zilezile za kifua kikuu, ndiyo maana watu huanzishiwa dawa za kifua kikuu mara ya pili na ya tatu bila kimelea kupatikana. Utafiti wa Gulu, Uganda, uliochapishwa 2019, ulikuta ugonjwa huu kwa watu 5 hivi katika kila 100 waliowahi kutibiwa kifua kikuu.

Kwa hiyo, kwanza makohozi. Yapimwe kwa GeneXpert na pia yaoteshwe. GeneXpert husoma vinasaba, hata vya vimelea vilivyokwisha kufa, kwa hiyo jibu hafifu kwa mtu aliyetibiwa karibuni halitoshi kumrudisha kwenye dozi. Kuotesha huchukua hadi siku 42, lakini ndiko kunakoonyesha kama kuna vimelea hai, na kama ni vile vya jamii ya kifua kikuu ambavyo si kifua kikuu, vyenye dawa zake tofauti. Pili, picha ya CT, maana eksirei huficha mengi. Tatu, kipimo cha damu cha kingamwili aina ya IgG dhidi ya Aspergillus. Dalili zikiwa zimedumu miezi 3 au zaidi, picha ikalingana, kingamwili ikaonekana na kifua kikuu kikaondolewa, hapo tuseme ni fangasi. Apime na VVU, kwa sababu baadhi ya ARV hugongana na dawa za fangasi.

Kuhusu daktari, anayehitajika ni bingwa wa mapafu; asipopatikana, bingwa wa magonjwa ya ndani aliyezoea wagonjwa wa kifua. Kutoka Singida, rufaa ya karibu ni Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Mbele yake kuna hospitali za Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi, na Kibong'oto ya Kilimanjaro, ambayo kazi yake hasa ni kifua kikuu sugu. Kabla ya kulipa nauli pigeni simu muulize: IgG ya Aspergillus mnapima au sampuli hupelekwa kwingine? Kuna daktari wa upasuaji wa kifua? Mnaweza kuziba mshipa unaovuja damu kwa mrija unaopitishwa ndani ya mishipa? Mjomba abebe barua ya rufaa, kadi ya matibabu ya kifua kikuu, majibu yote ya makohozi, na picha zenyewe, za zamani na za sasa. Picha mbili zilizopishana miezi kadhaa humwambia daktari kama tundu linapanuka, na hilo karatasi ya maelezo peke yake haimwonyeshi vizuri.

Sasa tiba. Donge likiwa moja, pafu lingine likiwa zima na pumzi yake ikipimwa na kutosha, upasuaji ndio unaoweza kuumaliza ugonjwa, hasa kama damu inarudi mara kwa mara. Lakini matundu yakiwa mengi, au pumzi ikiwa haba, kisu huleta hatari ya kuvuja damu, hewa kutoka pafuni bila kukoma, na usaha kifuani. Huyo atumie vidonge. Mimi kwa mjomba wako, kwa haya uliyonieleza, nisingekubali upasuaji kabla ya CT na kipimo cha pumzi.

Kidonge cha kawaida ni itraconazole, miligramu 200 asubuhi na 200 jioni: kapsuli 4 za miligramu 100 kwa siku, 120 kwa mwezi. Muda ni miezi 6 kwa uchache. Jaribio la India lililochapishwa 2022 lilionyesha ugonjwa ulirudi kwa asilimia 38 ya waliotumia miezi 6, na asilimia 10 tu ya waliotumia 12. Kwa hiyo pigeni hesabu ya kapsuli 1,460 za mwaka mzima tangu mwanzo, na muulize bima inalipa ngapi. Kuanza na kukatisha njiani ni kumfundisha fangasi ukaidi.

Wengi huharibu tiba kwa mambo madogo. Kapsuli humezwa pamoja na chakula. Dawa za kupunguza asidi, kama omeprazole, huizuia isiingie mwilini. Rifampicin, iliyo ndani ya dozi ya kifua kikuu, huifuta karibu yote kwenye damu, kwa hiyo itraconazole na dozi ya kifua kikuu haviendi pamoja. Fluconazole, ambayo duka la dawa watawapa kwa bei nafuu mkisema tu "fangasi", haiui Aspergillus. Mwenye moyo kushindwa kazi asipewe itraconazole. Akivimba miguu au akipumua kwa shida, arudi hospitali mara moja. Ini lipimwe baada ya wiki chache, kisha kila baada ya muda. Presha na potasiamu pia. Baadhi ya dawa za kolesteroli na za pumu za kuvuta hupanda kupita kiasi zikikutana nayo, kwa hiyo orodha ya dawa zake zote imfikie daktari.

Msitazamie donge litoweke. Angalieni uzito, kikohozi na damu. Miezi 6 ikipita bila nafuu, kiwango cha dawa kwenye damu kipimwe kabla ya kubadilisha.

Damu ikija nyingi, mfano nusu kikombe kwa siku, msisubiri miadi. Mlazeni ubavu wa pafu bovu likiwa chini, damu isizibe lile zima, mkimbizeni hospitali. Tranexamic acid inaweza kupunguza damu wakati mkisubiri kuzibwa mshipa.

Nitumie picha ya majibu ya makohozi ukiyapata, na jina la kila dawa anayomeza sasa.

Mama yako.